Udongo wa Kopo la Arobaini na Moja

Asubuhi ya siku ya tatu ya kazi, Elisaria alikuwa ameinama kwenye kijito cha Kijenge, akisugua makopo ya jemu kwa mchanga na majani makavu ya mgomba. Makopo yalikuwa sitini. Bwana aliyekula jemu hiyo yote alikuwa amekaa mbele ya hema lake, amevaa nguo nyeupe za kitani zenye mikono mifupi, na alikuwa anatetemeka. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Meru tangu juzi ukakaa juu ya migomba, na kila mwenye akili zake alikuwa amejifunika blanketi. Lakini kwao bwana huyo, Julai ni kiangazi. Shule kubwa hufungwa, wanafunzi hutawanyika kwenda kujifunza kazi, na yeye alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake kwamba amekuja kufanya utafiti wa kiangazi. Basi akavaa kiangazi. Mtu wa namna ile akishaandika jambo, kumtoa hapo ni kazi.

Watu walimwita Bwana Kopo. Mjini Wajerumani wenzake walimwita Daktari, ingawa udaktari wenyewe alikuwa hajaupata. Alikuwa ameufuata huku. Kwa kweli alikuwa mwanafunzi tu, sawasawa na Elisaria, ila yeye alikuwa na bunduki, wapagazi kumi na wanane, na barua inayomruhusu kuchimba popote.

Shule ya misioni ndiyo iliyompa wasaidizi. Mwalimu mkuu aliwachagua wawili kati ya wanafunzi wake wakubwa, akawaambia kwamba likizo hiyo hawatarudi nyumbani. Watakwenda kwa Daktari wakajifunze elimu ya udongo na mvua. Ujira hakuna, kwa sababu elimu yenyewe ni ujira, ila mwishoni watapewa cheti. Elisaria, Mmeru wa upande wa mto Usa, mwenye miaka kumi na tisa, alifurahi kuliko alivyoonyesha. Mwenzake Lemayian, Mwarusha wa Elerai, aliuliza kama cheti kinachemshwa au kinachomwa.

Kazi haikuwa ngumu kuielewa. Unafika mahali, unachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, unajaza kopo, unalifunga kwa kitambaa, unalibandika namba. Kisha unajaza karatasi kwa kalamu ya risasi: mahali, mteremko, rangi ya udongo, kinachoota hapo, na mwisho kabisa, mwenye shamba. Bwana Kopo aliwafundisha kanuni mbili, kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni kwao, kilichonyooka kama rula.

"Rafiki zangu, andikeni kile ambacho macho yenu yanaona. Msiandike kile ambacho mnafikiri. Na kilichokwisha kuandikwa hakifutwi. Mtu anayefuta si mtu wa sayansi."

Elisaria alizishika kanuni hizo kama alivyoshika katekisimu. Alipenda kitu kilichoamuliwa vizuri.

Kopo la kwanza lilifunguliwa mezani siku ya nne. Ulikuwa udongo wa Elerai, mwekundu, uliochanganyika na samadi. Bwana Kopo alipofungua kitambaa, ukatoka mlio wa njuga za ng'ombe, kisha sauti ya mwanamume akimtukana fahali kwa Kimaasai, tusi refu lenye ufundi.

"Huyo ni Koikai, baba yangu mdogo," Lemayian alisema. "Fahali mwenyewe tulishamla."

Bwana Kopo alitoa saa yake mfukoni. Sauti ilidumu dakika moja na nusu, ikaisha. Alifunika kopo, akalifungua tena, ikaanza upya. Akachukua rula, akachora mstari mpya kwenye jedwali lake, na juu yake akaandika: Sauti. Mpishi alileta kahawa, nao wakaendelea na kopo la pili.

Mwisho wa mwezi walikuwa wamefungua thelathini, na Bwana Kopo alikuwa ameona mpangilio. Udongo wa porini, ambao haujawahi kuguswa na jembe, ulitoa mlio wa mchwa tu. Udongo uliolimwa miaka michache ulitoa kikohozi, au mtoto anayelia njaa. Lakini udongo uliolimwa na babu, baba na mwana, ukatiwa samadi na majivu na maganda ya ndizi vizazi na vizazi, huo ulizungumza hasa. Watu waliitana humo, walibishana kuhusu mfereji wa maji, waliimba wakipalilia ulezi. Alipopanda miche ya kahawa katika kila kopo, ya makopo yaliyozungumza sana ndiyo iliyostawi vizuri. Bwana Kopo alisimama akazunguka meza mara tatu kwa furaha. Kadiri udongo unavyosema, aliandika, ndivyo unavyozaa.

Mtu yeyote wa Meru angemwambia hivyo bila kopo. Udongo mzuri ni jasho la watu, na jasho lina mwenyewe. Lakini hakuuliza, na aliyeandika ni yeye.

Wiki iliyofuata, Elisaria na Lemayian walitumwa upande wa mto Usa. Walichimba siku mbili, na siku ya tatu wakafika kwenye shamba la marehemu Sumari, baba yake Elisaria.

Sumari alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akiwa amesimama, jembe mkononi. Kwa desturi ya ukoo wao, shamba la marehemu hupumzishwa mpaka mvua za masika zipite mara mbili. Halilimwi, halikatwi jani, na zaidi ya yote jina la mwenyewe halitajwi juu yake, kwa sababu ukimtaja mtu shambani kwake unamwamsha kwenda kazini, na aliyekufa amechoka. Jirani akipita anaona magugu, anaona masale manne, mimea ya kuwekea mpaka, yamesimama kwenye pembe, anaelewa kila kitu, anapita kimya. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshapita. Ikishapita ya pili, Ndeshi, mjane wa Sumari, angelifungua shamba kwa jembe lake mwenyewe. Ndilo lililokuwa la kumlisha yeye na wadogo watatu wa Elisaria, wala hakukuwa na jingine.

Elisaria alijaza kopo namba arobaini na moja. Akajaza karatasi: mteremko mdogo, udongo mweusi, magugu. Alipofika mahali pa mwenye shamba, kalamu ikasimama.

"Andika jina la baba yako, twende," Lemayian alisema. "Njaa inauma."

"Haliandikwi hapa."

"Basi andika la mama."

"Bado hajalifungua. Nitaandikaje lake, kama vile anamsukuma marehemu atoke?"

"Elisaria, hii ni karatasi. Karatasi haina adabu."

"Mimi ninayo," Elisaria alisema.

Akaacha nafasi wazi. Macho yake hayakuwa yameona mtu, desturi ilimkataza kutaja mtu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake misioni na ukoo vilikubaliana. Alikunja karatasi akiwa ametulia moyo.

Kopo hilo lilifunguliwa Jumatatu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Sumari, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama alivyokuwa akizungumza asubuhi kabla ya kunywa kitu. Alikuwa anapita mpakani. Alisema: kutoka isale la juu mpaka jiwe lenye ufa, baba yangu alilifyeka hili kwa shoka; kutoka jiwe mpaka mtoni, nimelifyeka mimi; mfereji tuliuchimba na ukoo wote mwaka wa njaa; juu ni la Elisaria akioa, chini ni la Ndeshi na wadogo, asiwasumbue mtu. Aliyasema yote taratibu, akapumua, akaanza upya. Bwana Kopo alihesabu dakika nne na robo. Hapakuwa na kopo lililowahi kufika huko.

"Vizuri sana! Mno!" alisema. "Daraja la kwanza. Huyu anasema nini?"

Elisaria alimtafsiria neno kwa neno, akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayesoma somo kanisani. Alipomaliza alisema, "Bwana, huyo ndiye mwenye shamba. Naomba ile karatasi niijaze."

Bwana Kopo alimtazama kwa huruma. Alikuwa na huruma, huyu mtu. Hilo hakuna wa kumnyima.

"Rafiki yangu, siku ile ulimwona mtu?"

"Hapana."

"Basi uliandika sawa. Karatasi ya shambani haibadilishwi mezani. Mimi nilikufundisha, na wewe ulijifunza vizuri kuliko wote."

"Lakini umemsikia, Bwana. Umeandika dakika zake."

"Nimeandika dakika. Yale yanayosemwa si sehemu ya utafiti."

Akachovya kalamu yake ya wino. Elisaria aliyaona maneno yakiandikwa kwa Kijerumani, na alijua Kijerumani cha kutosha kuyasoma: udongo bora, sauti nyingi, mwenyewe hakuna. Alitamani kuinua meza ile na makopo yake yote aitupe kijitoni. Badala yake alifunga kopo kwa kitambaa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya vizuri. Miaka mingi baadaye, jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba alikaza fundo.

Mwishoni mwa Septemba tarishi aliondoka na taarifa kwenda pwani. Bwana Kopo naye aliondoka, bado amevaa nguo nyeupe, na jua sasa lilikuwa limetoka kweli. Aliwapa mkono wote wawili.

Mwezi wa kumi na moja akaja mkubwa wa ardhi, na ramani. Aliwekewa meza chini ya turubai pembeni mwa mji, na watu wakaambiwa mwenye neno juu ya ardhi aje aseme. Kwenye ramani, mahali pa mashamba yasiyo na mtu palikuwa pamepakwa rangi ya manjano. Ndeshi aliamka alfajiri, akajaza udongo wa shamba lake kwenye kikapu, akakiweka kichwani, akatembea kutoka mto Usa mpaka mjini. Elisaria alimpokea njiani, lakini mama alikataa kutuliwa mzigo.

Zamu yao ilipofika, Ndeshi aliweka kikapu juu ya meza, juu ya ramani, akafunua majani ya mgomba. Sumari akaanza kupita mpaka wake. Waliokuwa wamekaa kwenye foleni waliinuka, kwa kuwa mzee alikuwa anazungumza, na hata askari wawili waliokuwa pembeni walibana visigino. Mkubwa wa ardhi alisikiliza mpaka mwisho, bila haraka, akampa mkalimani ishara atafsiri. Mkalimani alikuwa mtu wa Pangani, mwenye kanzu safi, na alitafsiri vizuri, hakuacha hata jiwe lenye ufa.

"Anayesema ni nani?" mkubwa aliuliza.

"Mume wangu, Sumari," Ndeshi alijibu.

"Yuko wapi?"

"Amelala penye migomba tangu mwaka jana."

"Basi hayupo."

"Si umemsikia hapo?"

Mkubwa alieleza, na mkalimani akamletea Ndeshi maelezo. Kwamba sauti imesikika, hakuna anayebisha. Lakini udongo ndio kitu kinachogombewa, na kitu kinachogombewa hakiwezi kujitolea ushahidi chenyewe. Tukikubali udongo leo, kesho tutaletewa mbuzi. Naye huyo msemaji ni marehemu, na sheria humsikiliza marehemu kwa maandishi tu. Alisema hayo bila ubaya, bila kelele, akizungusha kijiko kwenye kikombe. Hilo ndilo linalochoma. Mtu akikunyang'anya kwa hasira, angalau amekuona kuwa upo.

Mkalimani aliinama kidogo, akaongeza lake, kwa sauti ya chini. "Mama yangu, asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo dunia ilivyo."

"Yupo," Ndeshi alisema. "Ninyi ndio hamtaki awepo."

Hilo halikutafsiriwa. Mkubwa alifungua jalada, akatoa karatasi ya kopo la arobaini na moja, akaigeuza ili Elisaria aione.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Siku ile uliona mtu?"

Elisaria alitazama nafasi ile wazi. Ilikuwa fupi, haikuzidi urefu wa kidole. "Sikuona. Shamba lilikuwa linapumzika, Bwana. Kwetu jina la..."

"Umefuta chochote?"

"Sikufuta."

"Safi sana," mkubwa alisema, na alimaanisha. Akagonga muhuri.

Nyuma yao alikuwa Koikai wa Elerai, baba mdogo wa Lemayian. Karatasi ya shamba lake ilikuwa na jina lake lote, kwa herufi kubwa, maana Lemayian aliiandika kama anayechanja mti. Mkubwa alilisoma jina, akausifu mwandiko, kisha akasema kwamba watu wa upande ule ni wafugaji, na wafugaji huhama, kwa hiyo jina hilo ni la muda. Muhuri ukagongwa na hapo. Koikai, ambaye hakuwahi kuhama maishani mwake isipokuwa kwenda kuoa, aliuliza ahamie wapi sasa ili maandishi yapate kuwa kweli. Mkubwa aliita anayefuata. Ndipo Elisaria alipojua kwamba hata kama angeijaza karatasi yake pande zote mbili, na pembeni, mambo yangekuwa yale yale. Nafasi ile wazi haikuwa sababu. Ilikuwa kisingizio, na yeye ndiye aliyewaandalia. Mnyonge hana haki, na akiiandika mwenyewe inasomwa kinyume.

Njia nzima ya kurudi mama yake alibeba kikapu mwenyewe. Walipofika mtoni alikitua kikapu, akanawa uso.

"Ulifanya vizuri kutolitaja jina lake," alisema. "Ndivyo nilivyokulea."

Elisaria alilia pale pale, mtu mzima, bila kujificha. Afadhali angempiga.

Vyeti vilikuja kwa posta kabla ya Krismasi. Cha Elisaria kilisema kwamba mwanafunzi huyu ni mwaminifu, ana mwandiko mzuri, na hafuti. Cha Lemayian kilibaki misioni, kwa kuwa Lemayian hakurudi shuleni. Alisema amehitimu pale chini ya turubai. Bwana Kopo alipata udaktari wake. Maandishi yake yalisifiwa huko kwao, yakachapishwa, na kitabu kimoja kikafika kwa mwalimu mkuu, ambaye alikionyesha darasani. Mwishoni palikuwa na shukrani kwa mvua, kwa wapagazi, na kwa kiwanda cha jemu.

Walowezi nao walikisoma. Ukawa mtindo: mlowezi akifika kutafuta ardhi, hapotezi muda kutazama miti wala maji. Anashuka kwenye farasi, anavua kofia, analala kifudifudi na kutega sikio chini. Akisikia mchwa, anapanda farasi wake na kuendelea. Akisikia watu wakiitana kwa majina, anapigilia kigingi.

Aliyepewa shamba la Sumari alikuja na magari ya maksai na miche ya kahawa. Siku ya kwanza, plau ilipokata ardhi, Sumari alianza kutaja mipaka yake, na maksai wakasimama wasikie. Mlowezi aliwauliza jirani zake. Walimwambia kwamba hata kwao ni hivyo hivyo, mtu anazoea, na udongo unaosema sana hauhitaji mbolea. Akazoea. Aling'oa masale akapanda mche mmoja mmoja, kwa kamba, mistari iliyonyooka.

Mvua ya pili ilipita. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kazi, na Ndeshi alitolewa yeye, akapangiwa kupalilia kahawa. Siku moja Elisaria, aliyekuwa sasa mwalimu msaidizi, alimletea uji kwenye kibuyu, akasimama pembeni mwa shamba akisubiri nyapara atazame kwingine. Mama yake alikuwa ameinama katikati ya mistari pamoja na wanawake wengine. Jembe lilipoingia, sauti ya mumewe ikatoka, na safari hii haikutaja mpaka.

"Ndeshi."

"Naam, Baba Elisaria."

"Mvua zimepita mara mbili. Shamba umeshalifungua?"

Wanawake wa kulia na kushoto waliacha kulima. Ndeshi alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono.

"Nalima hapa."

"Mpaka wapi?"

"Lote. Mpaka mtoni."

"Vizuri," Sumari alisema. "Basi watoto watakula."

Nyapara alikuwa anakuja, kwa hiyo Ndeshi alihamia mstari unaofuata.